Wangari Maathai na kijito cha Ihithe: utoto wa shambani ulimpa nini hasa?

#1 Mhifadhi_Nyika

Wakuu, kila tarehe 25 Septemba mitandao inajaa picha za Profesa Wangari Maathai (mwanzilishi wa Green Belt, harakati ya kupanda miti nchini Kenya, aliyefariki tarehe hiyo mwaka 2011) na maneno yale yale: "alipenda miti tangu utotoni". Sawa, lakini hayo hayatoshi. Watoto wengi wa rika lake walikulia vijijini vilevile, na baadhi yao ndio walioshika shoka baadaye. Nataka tuuchambue huo utoto kiutendaji: mtoto alifanya kazi gani, aliambiwa nini, na kipi kati ya hayo kilikuja kuonekana katika kazi yake ya ukubwani. Mafundi wa vitalu, watu wa maji na wanaojua historia ya ardhi ya Nyeri, karibuni. Hadithi za "na mimi nilichunga mbuzi" tuziweke kando, tusije tukapotezana.

Naanza na msingi. Alizaliwa 1 Aprili 1940 Ihithe, Nyeri, kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua. Mwaka 1943 hivi familia ikahamia shamba la mzungu karibu na Nakuru, ambako baba yake, Muta Njugi, aliajiriwa kama dereva na makanika. Mwishoni mwa 1947 mama akarudi Ihithe na watoto ili wasome. Akiwa na miaka 11 akaenda bweni la wamisheni Mathari, kisha Loreto Limuru, na 1960 akapanda ndege kwenda Marekani kusomea biolojia.

Pigeni hesabu. Ukiondoa uchanga na likizo za shule, miaka aliyoishi Ihithe mfululizo haizidi minne au mitano. Kwa hiyo si wingi wa miaka uliomjenga. Katika miaka hiyo michache kuna mambo matatu ambayo mwenyewe aliyarudia mara nyingi. Kwanza, mugumo (mtini wa mwitu) mkubwa uliokuwa karibu na nyumbani, ambao mama yake alimkataza kuokota hata kuni zake, kwa kuwa ni mti wa Mungu: haukatwi, hauchomwi. Pili, kijito cha Kanungu kilichotoka karibu na mti huo, ambako alichota maji na kucheza kwenye majani ya nduma. Tatu, kijishamba kidogo alichopewa na mama yake katikati ya shamba lake, kiwe chake mwenyewe.

Nauliza: kipi kati ya hivyo kilifanya kazi kweli?

#2 Kigoda_Mbele

Nimeshavuta kigoda. Wataalamu shusheni nondo.

#3 Fundi_Kitalu

Nianze na kijishamba, maana watu hukiruka.

Alipopanda mbegu zake alikuwa anazifukua kuangalia kama zimeota. Mama akamwambia aziache zifunikwe, zitafanya kazi yake zenyewe. Anayefundisha watu kitalu anajua hapo ndipo nusu ya wanafunzi wanapofeli. Mbegu ikishanywa maji na kizizi kikatokeza, kuigusa tu kunaweza kuvunja ncha ya mzizi. Ikipona, mche unatoka na mzizi uliopinda, na mti wenye mzizi uliopinda huanguka kwa upepo ukishafika miaka michache. Miti yetu mingi ina sababu ya ziada ya kutofukuliwa, nayo ni uvivu wa kuota. Muringa (Cordia africana) huchukua hata miezi miwili. Mtu asiyejua husubiri wiki tatu, hufukua, huona mbegu iko vilevile, hutupa kitalu kizima na kusema mbegu zilikuwa mbovu.

Sasa tazameni Green Belt ilivyoanza. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, ilipandwa miti saba Nairobi, na mpango wenyewe uliitwa Save the Land Harambee. Mwanzoni miche ilitolewa bure na idara ya misitu. Wanawake walipoomba mingi kuliko idara ilivyotegemea, bure ikakoma. Wakaambiwa pia kwamba kitalu ni kazi ya watu waliosomea. Jibu la Wangari lilikuwa kuwaambia wanawake waende msituni na mashambani mwao, waokote mbegu za miti ya kwao, wazisie kama wanavyosia mahindi na maharage. Walisia kwenye vyungu vilivyovunjika na makopo, wakaviweka mahali pa juu kuku na mbuzi wasifike. Akawaita wanamisitu wasio na diploma.

Kwa mtazamo wangu huo ndio utoto wenyewe ukifanya kazi. Mtu aliyesoma biolojia Kansas na Pittsburgh, akapata udaktari Nairobi mwaka 1971, angeweza kabisa kukubaliana na wenye diploma. Yeye alikuwa amemwona mama asiye na cheti akijua mbegu inataka nini.

Kwa wanaotaka kufanya vile, ratiba ya kitalu cha kikundi ni hii. Ukitaka kupanda mvua za Oktoba, sia Aprili au mapema Mei. Ukitaka za Machi, sia Septemba. Tuta la kusia liwe na upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na urefu wowote. Udongo wa viriba (vifuko vya kukuzia miche): madebe matatu ya udongo wa juu wa msituni, mawili ya samadi iliyooza kabisa, moja la mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi, na hilo ndilo kosa namba moja. La pili ni maji mengi jioni na kivuli kizito: kinyausi kinaingia, shina linaoza usawa wa udongo, miche inalala chini kama imekatwa na wembe. Ukiona hivyo punguza maji, fungua kivuli, ng'oa iliyolala pamoja na udongo wake. Dawa ukiitumia bila kurekebisha maji unapoteza hela.

Hamisha kwenye kiriba mche ukiwa na majani mawili halisi, ushike jani, usishike shina. Mizizi ikianza kutoboa chini ya kiriba, inua na ikate, na urudie kila wiki tatu au nne. Mwezi mmoja kabla ya kupanda toa kivuli polepole na punguza maji. Kikundi kinachoruka hatua hii hupeleka shambani miche minene, ya kijani, mizuri kwa picha, na baada ya wiki mbili za jua hakuna kitu.

#4 Mpinzani_Rasmi

Mkuu hapo juu umeeleza kitalu vizuri, lakini mnambebesha utoto mzigo usio wake. Kilichomfanya Wangari awe Wangari ni mambo mawili ya ukubwani. La kwanza ni utafiti. Miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa akikusanya kupe vijijini kwa ajili ya utafiti wa ndigana kali (ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe), na hapo ndipo alipoona mito imekuwa ya kahawia na ng'ombe wamekonda. La pili ni wale wanawake wa Nyeri waliolalamika kwenye Baraza: kuni hakuna, ardhi imejaa chai na kahawa, kwa hiyo watoto wanalishwa vyakula vinavyoiva haraka kama mkate mweupe na ugali wa unga uliokobolewa, na utapiamlo umeingia. Angekuwa mtoto wa Pumwani, Nairobi mjini, angeona yale yale.

#5 Mhifadhi_Nyika

@Mpinzani_Rasmi angeona mto wa kahawia, ndiyo. Angejua kwamba zamani haukuwa wa kahawia? Hapo ndipo penye ubishi. Mto wa tope ni kitu cha kawaida kwa mtu ambaye hajawahi kuuona ukiwa mweupe. Yeye alikuwa na kipimo cha 1948 kichwani, kisha akaondoka na kurudi: bweni la Mathari, Limuru, halafu Marekani mpaka Januari 1966. Aliyebaki kijijini aliona mabadiliko ya kila mwaka, kidogo kidogo, akayazoea. Aliyeondoka aliyaona kwa mkupuo.

Hata wewe umesema "walilalamika kuni hakuna". Kuni ni kazi ya nani? Kazi yake ya utotoni ilikuwa ile ile ya hao wanawake. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

#6 Maji_Chini

Nichangie upande wa kijito, kwa sababu pana jambo huwa linasemwa vibaya.

Maelezo aliyoyatoa Wangari ni kwamba mizizi ya mugumo huenda chini sana, hupasua miamba, na maji hufuata njia hiyo mpaka yapate sehemu dhaifu yatokee juu. Kama picha ya jumla inafaa. Lakini mtu asielewe kwamba mti ni pampu inayozalisha maji. Mti unakunywa, na mkubwa unakunywa sana. Faida yake kwa chemchemi iko kwingine. Majani yaliyooza na mizizi huufanya udongo uwe na vitundu, mvua inazama badala ya kukimbia juu. Mizizi inashika kingo. Na kikubwa kuliko vyote, mti uliokatazwa kuguswa ulilinda eneo lote lililouzunguka: hakuna aliyelima pale, hakuna aliyechunga pale, hakuna aliyechoma pale. Mwiko wa mti mmoja ulikuwa kwa vitendo ni eneo la hifadhi ya chanzo cha maji. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye chanzo. Wazee wa Ihithe hawakuwa na futi kamba, walikuwa na mugumo.

Ndiyo maana ulipokatwa kijito kilikauka. Aliporudi akakuta mwenye ardhi mpya ameukata kwa sababu unachukua nafasi, na pale pamepandwa chai. Chai iliyokomaa hufunika ardhi vizuri, tusiionee. Tatizo ni miaka miwili mitatu ya mwanzo ardhi ikiwa wazi, pamoja na mitaro ya kutoa maji shambani, na kulima mpaka mdomoni mwa chemchemi. Udongo unaziba vitundu, mvua inateleza, chanzo hakijazwi.

Kuhusu mayai ya chura. Katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, Oslo, Desemba 2004, alieleza jinsi alivyojaribu kuokota nyuzi za mayai akidhani ni shanga, zikawa zinakatika vidoleni, na baadaye akaona viluwiluwi weusi kwa maelfu. Watu huchukua hilo kama ushairi. Kwa mtu wa maji ni taarifa. Mayai yaliyopangana kwenye uzi ni ya chura wa ngozi ya vinundu, yule wa nchi kavu. Vyura wengine wengi hutaga bonge au povu. Ili mayai yaanguliwe na viluwiluwi wamalize kukua, maji lazima yakae wiki kadhaa bila kukauka, yawe ya polepole pembeni, na yasiwe na tope, maana tope hufunika mayai yakakosa hewa. Kwa maneno mengine, mtoto yule alikuwa akieleza kijito chenye mtiririko wa kudumu, kingo zenye mimea na mteremko wa juu usiomomonyoka. Ripoti nzima ya bonde iko pale, bila tarakimu hata moja.

#7 Kigoda_Mbele

Hii ya uzi wa mayai nimeisoma mara mbili. Endeleeni.

#8 Hati_na_Mipaka

Mnasahau swali muhimu: kwa nini mwiko ulidumu vizazi na vizazi halafu ukafa ndani ya miaka kama 15?

Mugumo ulilindwa na vitu viwili vilivyoshikana, imani na umiliki wa ukoo. Wamisheni walidhoofisha imani. Mti wa kusalia ukaonekana alama ya upagani, na kuukata kukawa dalili ya kuongoka. Umiliki ulibadilika miaka ya 1950. Wakati wa hali ya hatari (vita vya Mau Mau) Waingereza waliwakusanya watu wa Nyeri kwenye vijiji vya kulazimishwa, mama yake Wangari akiwemo. Watu wengi mahali padogo, kuni zikaisha kandokando. Kisha ukaja Mpango wa Swynnerton wa 1954: vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikaunganishwa, hati zikatolewa kwa mtu mmoja mmoja, na Waafrika wakaruhusiwa kwa wingi kulima kahawa na chai. Kuanzia hapo mugumo ukawa ndani ya mpaka wa mtu. Mwenye hati anauliza swali la haki kabisa kwake: huu mti unanilipa nini?

Huku juu msituni serikali ya kikoloni ilikuwa inaondoa msitu wa asili na kupanda misonobari, mikaratusi na miwati. Wangari aliuona moshi wa kufyeka huko akiwa mtoto. Kwa hiyo wanaosema alikulia "kijiji kisichoguswa" wanakosea. Alikulia mwishoni mwa utaratibu mmoja na mwanzoni mwa mwingine, na aliwahi kuona yote mawili.

Sasa unganisheni na kazi yake. Mwaka 1989 anapinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mwaka 1998 anapinga kugawiwa kwa msitu wa Karura, Januari 1999 anapigwa akienda kupanda mti pale, na Agosti mwaka huohuo rais anapiga marufuku kugawa ardhi ya umma. Uhuru Park ni nyasi za mjini, hakuna chemchemi ya Ihithe pale. Wengi hushangaa mtu wa miti aliingiaje huko. Kwangu jibu liko kwenye katazo la mama: kuna vitu vipo katikati yetu na si vya mtu mmoja, hata kama anaweza kuvitumia. Hilo ndilo alilolibeba.

#9 Mpinzani_Rasmi

@Hati_na_Mipaka hapo umenishika pabaya. Naongeza basi: hakuwa na uchungu wa kurudisha enzi. Angetaka tu kurudisha mwiko angehubiri mila. Badala yake aliweka malipo. Senti nne za Marekani kwa kila mche, baada ya kuthibitika kwamba umeshika. Huyo si mtu anayeota kuhusu kijiji cha zamani. Huyo amekubali kwamba imani imekwenda na inahitajika sababu nyingine.

#10 Fundi_Kitalu

@Mpinzani_Rasmi malipo baada ya kushika ndiyo siri ya mpango mzima, na wafadhili wengi wa leo hawajaielewa. Ukilipa kwa mche uliopandwa, utapandiwa hata kwenye mwamba. Ukilipa kwa mche ulio hai, mwanakikundi anakumbuka kumwagilia Januari bila kuandikiwa barua. Kinachotakiwa ni mhesabuji asiye mwenye kitalu, na hesabu ifanyike kiangazi. Mvua ikinyesha kila kijiti ni kijani.

Ule "ukanda" wa Green Belt ulikuwa miti 1,000 kwenda juu. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 hiyo ni chini kidogo ya hekta moja, maana hekta inabeba miti 1,111. Andaa miche 1,250 hadi 1,300, ya ziada ni ya kuziba mapengo mvua zinazofuata. Mashimo ya sm 45 kwa pande zote yanatosha Nyeri. Sehemu kavu fanya 60. Weka udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine, na wakati wa kufukia tanguliza wa juu. Vua kiriba. Ndiyo, naandika "vua kiriba" kwa sababu kila msimu kuna shule inapanda na kiriba chake.

#11 Shamba_Darasa

Naomba msaada wa vitendo: mugumo unapandwaje? Mbegu ni kama vumbi na vitalu havina.

#12 Maji_Chini

Mbegu zinawezekana ila zinasumbua: zinasiwa juu ya udongo bila kufunikwa, zikikauka nusu siku zimekufa. Msituni huletwa na ndege na popo, na nyingi huotea juu ya mti mwingine. Njia ya mkulima ni kigingi. Waganda wamefanya hivyo kwa karne nyingi na mutuba wao (Ficus natalensis), ule wanaotoa gome la kutengenezea vazi la lubugo.

Chagua mti mama wenye afya. Kata tawi lililonyooka la unene wa sm 5 hadi 10, urefu mita 1.5 hadi 2. Weka alama upande wa juu mara tu unapokata, maana ukishayalaza matawi kumi chini hutakumbuka kichwa ni kipi, na lililopandwa kichwa chini huwa kuni. Ncha ya juu ikate mshazari ili mvua iteleze. Liache kivulini siku mbili tatu utomvu ukauke kwenye jeraha. Ukipanda mbichi likitiririka, uozo unaingia kutoka chini. Chimba shimo la sm 40 hadi 50, simamisha, fukia, shindilia kwa mguu. Usipigilie kama nguzo ya uzio: ganda la chini linachubuka, na mizizi inatoka kwenye hilo ganda.

Panda mvua zinapoanza kushika. Halafu kuna mtego. Majani yatatoka mapema kabisa, watu wanashangilia. Hayo majani yanakula akiba ya tawi, mizizi bado. Mvua zikikatika mwezi wa pili au wa tatu yananyauka na kila mtu anasema kimekufa. Mwagilia lita 10 mara mbili kwa wiki kiangazi cha kwanza na usikitikise kujaribu kama kimeshika. Zungushia miiba, mbuzi wanalipenda hilo jani mno. Na kaa mbali na nyumba, tangi na mabomba, mita 20 au zaidi.

#13 Mwalimu_wa_Bustani

Nimesubiri mfike kwenye watoto. Kama hoja ya uzi ni kwamba kazi ndogo zenye kipimo na katazo ndizo zilizofinyanga mtu, basi sikukuu ya kupanda miti shuleni haifanyi hivyo. Watoto 600, miche 200, hotuba mbili, hakuna mtoto mwenye mti wake. Likizo ya Agosti ikifika hakuna anayemwagilia.

Kinachofanya kazi ni kipande cha mita 1 kwa 1 kwa watoto wawili, kiwe chao mwaka mzima. Anza na maharage: kina cha sm 3 hadi 4, nafasi ya sm 15, yataota ndani ya siku 5 hadi 8 kama kuna joto. Vidole vitawasha kufukua. Usiwagombeze. Wape chupa ya kioo yenye karatasi yenye unyevu na maharage mengine matatu yaliyobanwa ukutani, waangalie huko mzizi unavyoshuka, ya shambani yabaki salama. Miti ije muhula wa pili, mmoja kwa kila jozi. Kwa likizo, chupa ya lita 1.5 iliyotobolewa kitundu kimoja kwa sindano kwenye kifuniko, ichomekwe kichwa chini kando ya mche. Kitako kikatwe ili ijazwe. Sindano nene ikitumika maji yanaisha saa moja, kwa hiyo jaribuni kwanza: iishe kati ya usiku mmoja na siku mbili.

Kwa kijito, ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Tafuteni mahali maji yanapodondoka au yaelekezeni kwa kipande cha bati. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 1,800 kwa saa, au 43,200 kwa siku. Pimeni mara tatu, mchukue wastani, siku ile ile kila mwezi, na iandikwe kwenye daftari linalobaki shuleni wanafunzi wanapohitimu. Chukueni pia maji kwenye chupa angavu, yaache usiku kucha, pimeni kwa rula tope lililotuama chini. Miaka mitano ya daftari hilo ni kipimo ambacho diwani hawezi kukibishia.

Katazo ndilo gumu. Mama yake Wangari hakufafanua mfumo wa maji, alikataza tu, na sababu ya kisayansi mtoto akaipata miaka mingi baadaye. Leo mtoto atauliza kwa nini palepale, na ana haki. Mjibuni, lakini katazo libaki.

#14 Kaka_wa_Kivu

Tuvuke bahari kidogo. Chico Mendes, mtetezi wa msitu wa Amazon kutoka Acre, Brazili, alizaliwa 1944, akaanza kugema mpira msituni akiwa mtoto mdogo na kusoma akajifunza akiwa kijana mkubwa. Naye alitoka na maadili ya kazi: mti wa mpira ukigemwa kwa kina kinachofaa unalipa miaka kwa miaka, ukikatwa unalipa mara moja. Aliuawa Desemba 1988, na 1990 Brazili ikatenga hifadhi ya wagemaji yenye jina lake, ambamo watu wanaishi na kuvuna. Yeye hakupata katazo la mti mtakatifu, alipata kisu na kikombe. Kwa hiyo mwiko si lazima. Kazi inayokufanya uujue mti mmoja mmoja, hiyo naona inajirudia.

#15 Hati_na_Mipaka

Wagemaji nao walikuwa wanapambana na hati za wafuga ng'ombe. Nabaki pale pale.

#16 Shamba_Darasa

Swali la mwisho kwa @Maji_Chini. Chanzo kina mikaratusi kama 40 pembezoni, mwenyewe ameshakubali itoke lakini anaogopa hasara na mmomonyoko. Tuing'oe yote kabla ya mvua?

#17 Maji_Chini

Msing'oe. Mkikata 40 kwa mpigo na kuchimbua visiki, mvua ya kwanza inabomoa kingo na chanzo kinafukiwa. Kateni theluthi moja mwaka huu, mkianza na ile iliyo karibu zaidi na jicho la maji, theluthi nyingine mwakani, iliyobaki mwaka wa tatu. Nguzo na kuni ziuzwe kila awamu, hiyo ndiyo fidia yake. Visiki viacheni ardhini vioze vyenyewe, mizizi iendelee kushika udongo. Ila mkaratusi huchipua, na kisiki kimoja chenye machipukizi kumi kinakunywa kama kawaida: kateni usawa wa ardhi, menyeni ganda lote mpaka kwenye udongo, kisha pitieni kila mwezi mvunje chipukizi likiwa chini ya sm 20.

Mbele ya visiki, upande wa juu wa mteremko, pandeni matete (majani ya tembo) mistari miwili kwa kufuata kontua, yaani kukingama mteremko kwa usawa mmoja, sm 50 kati ya mashina, ili mwenye shamba apate majani ya ng'ombe ndani ya miezi mitatu au minne. Katikati wekeni vigingi vya mugumo au mkuyu mita 8 hadi 10 kila kimoja, na mizambarau mwitu mahali penye unyevu. Matete yasisogee chini ya mita 5 kutoka kwenye jicho la maji, kwa sababu mwenye shamba atakuja kuyakata kila wiki sita na mguu wake utakanyaga kingo kama wa ng'ombe. Pimeni kwa ndoo kabla ya kukata mti wa kwanza. Bila hicho kipimo, mwaka wa tatu mtaanza kubishana kama maji yameongezeka au la.